Pacha Aliyeumwa na Panya

Nyumbani kwetu Mji wa Kale, mtandio wa kichwani ndio uliokuwa ukieleza ukoo. Ukitaka kujua nani ni nani kwangu, huna haja ya kuuliza, nitazame kichwa mtu anapoingia. Nikibaki nilivyo, nywele zimesimama vile vile zilivyoamka, basi aliyeingia ni kaka, au ami, au mjomba. Nikiukimbilia mtandio uliotundikwa kwenye msumari wa mlango wa jikoni, aliyeingia ni mwanamume ambaye, kwa sheria, siku moja aweza kunioa. Mara nyingi alikuwa fundi wa bomba.

Chuoni nilisoma elimu ya jamii. Mhadhiri wetu, mama mmoja wa bara, mkarimu, aliyeisifu Mombasa na kulilaani joto lake kwa pumzi moja, alitufundisha kuchora familia. Duara ni mwanamke, pembetatu ni mwanamume, mstari huu ni ndoa, mstari ule ni damu. Nikainua mkono nikauliza mstari wa maziwa ni upi. Akauliza maziwa gani. Nikamweleza mpaka nikamaliza, akasema ni mfano mzuri sana na tutaurudia. Hatukuurudia. Siku nyingine aliniuliza kaya yetu ina watu wangapi, nikamjibu inategemea mama amepika nini. Akadhani nafanya mzaha, nami sikuwa nafanya.

Basi niueleze hapa mstari ule, maana bila huo habari hii haiendi. Kwetu, mtoto akinyonya ziwa la mwanamke asiyemzaa, akanyonya akashiba, mara tano au zaidi, kabla hajatimiza miaka miwili, mwanamke yule huwa mamake. Si kwa heshima, si kwa kuitwa tu. Mamake. Watoto wa mwanamke yule wote ni ndugu zake, waliokuwapo na watakaokuja, na ndugu hawaoani. Hawarithiani, maana maziwa hayafiki kwenye mali. Lakini mbele ya ndugu wa ziwa hujifuniki kichwa, safari waenda naye, na chumbani mwaweza kukaa wawili mlango umefungwa, asiulize mtu.

Nyumba iliyokabiliana na yetu ilitengwa nasi na kichochoro chembamba hata mama akitaka ndimu hunyoosha mkono dirishani akapewa. Mwanamke wa nyumba ile alijifungua mapacha, wanaume wawili, mimi sijazaliwa bado. Maziwa yakamtosha mmoja tu. Mamangu wakati ule alikuwa angali akimnyonyesha kaka yangu, aliyekuwa akikaribia miaka miwili, ana meno, anatembea, na akitaka haki yake huja akiburura kigoda cha kupandia. Basi bibi yao wale mapacha, Mungu amrehemu, akawa akimfunika mmoja kanga, anavuka naye kichochoro, anampa mama, anakaa kibarazani kungoja. Ikawa hivyo mwezi mzima na ushei. Aliyeletwa alikuwa yule yule siku zote. Mmoja alikuwa mnyonge, akabakishwa kwa mamake, na mwingine alikuwa mlafi, akapelekwa kwa jirani. Mzazi mwenyewe yumo ndani kwenye arobaini yake ya uzazi, mgonjwa, hajui kinachotoka mlangoni wala kinachorudi. Majina walikuwa nayo, lakini hakuna aliyeyatumia. Kwao na kwetu wote wawili waliitwa Pacha.

Sasa yule mlafi alikuwa yupi? Hapa watu wazima, wacha Mungu, wanaoweza kukutajia babu zao mpaka wa saba bila kumeza mate, waliamua kutumia macho. Bibi alikwisha kufa asiulizwe, na mama mwenyewe, walivyofanana wakiwa wachanga, hakuweza kuwatofautisha. Watoto walipokua, mmoja akawa mnene. Ikawa basi. Wakasema mlafi si ndiye huyu hapa, ziwa la jirani limemkaa mwilini. Mnene ndiye aliyekuwa Pacha mkubwa, kwa hiyo Pacha mkubwa akawa ndugu yetu. Pacha mdogo, mwembamba, akabaki mtoto wa jirani.

Pacha mkubwa nilimjua kama ninavyoijua meza yetu. Alipanda ngazi bila hodi, akafunua sufuria, akauliza mbona mchuzi mwepesi. Aliniona nikisukwa, aliniona na homa, aliniona na nywele zimejaa mafuta ya nazi na gazeti mabegani. Mamangu alimwita mwanangu, naye kila Idi alimletea kanga, mama wa ziwa lazima avikwe. Alipofungua duka la matairi kule Makupa, mama ndiye aliyeenda kulifukizia udi, na wateja wa kwanza wakadhani kuna matanga. Pacha mdogo huyo naye hakuwahi kuvuka kidato cha tatu cha ngazi yetu. Akitumwa sahani, alisimama pale pale, akageuza uso ukutani, akasema hodi kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nami nikaukimbilia mtandio. Miaka yote ya kukua kwangu yule kijana nilimkimbilia mtandio, na mtu unayekimbia kujifunika kila akija mwisho wake unaanza kumfikiria. Mhadhiri wetu angeweza kuandika kitabu kuhusu jambo hilo. Pacha mkubwa hakunipitia hata akilini, si alishaniona na gazeti mabegani?

Nilipopata kazi ya kufundisha Likoni, nikawa navuka Feri kwenda na kurudi. Pacha mdogo alikuwa fundi wa umeme bandarini, Kilindini, na kutoka Kilindini kwenda Mji wa Kale hakuna mwenye akili anayepitia Feri. Yeye alipitia. Nikishuka kwenye kivuko alasiri namkuta amesimama kwa muuza mihogo, ananunua muhogo asioula. Tulirudi pamoja kwa namna yetu. Yeye mbele, mimi nyuma, baina yetu nafasi ya kupita mkokoteni, na simu masikioni tukiongea. Mtu angetuona angedhani kila mmoja ana shughuli zake. Mji mzima ulituona na hakuna aliyedhani hivyo.

Nilimpenda. Nalisema waziwazi kwa kuwa sasa halina madhara. Nilipenda alivyonyamaza kabla ya kujibu, na nilipenda alivyomwogopa mamangu. Siku moja kwenye simu aliniuliza nywele zangu zikoje, kisha akajikemea mwenyewe, akataka kukata. Nikamwambia zafika kiunoni. Wallahi hazifiki hata mabegani, zinakoma shingoni na hapo zimejitahidi. Akasema mashallah, akagonga nguzo ya taa. Mimi niliyekuwa nyuma niliuona mgongo wake ukijikunja, nikacheka mpaka nikakaa kwenye ngazi za duka la watu.

Alipotaka kuposa hakuna aliyepinga. Baba yangu alikwisha fariki, kaka ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha, na kaka alikuwa akicheza naye mpira tangu utotoni. Mama alilia kwa furaha akasema sasa wote wawili watakuwa wanawe, mmoja kwa ziwa na mmoja kwa ndoa. Ikapangwa siku mamake aje na wanawake wenzake kuleta posa. Kwetu jibu halitolewi siku hiyo hiyo, lakini hata paka wa kichochoroni alijua jibu litakuwa lipi.

Walikuja alasiri ya Ijumaa na sinia za halua na vileja. Mimi, kwa desturi ya anayeposwa, nilikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, natakiwa kuona haya. Mamake alikuwa mwanamke mcheshi, na alisema hawezi kumsifu mwanawe mbele ya watu waliomwona akitambaa. Badala yake atataja aibu zake zote, mzigo ufunguliwe mlangoni, baadaye asilaumiwe mtu. Akasema anakoroma. Samaki mwenye miiba hali. Akikasirika hagombi, anaimba kwa sauti mbaya. Na kisigino chake cha kushoto kina kovu, aliumwa na panya akiwa mchanga, yeye mzazi bado yumo kwenye arobaini, na ndiyo sababu nyumba yao haikukosa paka tangu siku hiyo. Paka akifa, analetwa mwingine. Alisema wale paka wamekula changu na kolekole kuliko yeye mwenyewe.

Wanawake wakacheka. Mama naye alicheka, akajifuta macho, na nadhani furaha ilimlegeza ulimi, maana wakati ule kaka aliingia na buli la kahawa kuwasalimu wageni, na mama akamnyooshea kidole.

"Mwenzangu, nisamehe," akasema. "Hakuwa panya. Panya mwenyewe ni huyu."

Kaka akasimama na buli lake. Mama akaeleza kisa chote, tena kwa kukiigiza. Alikuwa amekaa na mtoto wa watu mapajani, mguu umechomoza kwenye kanga. Kaka akaja na kigoda chake, akakuta nafasi yake ina mtu. Hakulia, hakusema. Aliinama akauma kisigino kwa meno yake yote machache. Mama aliona haya asijue aseme nini. Umepewa mtoto wa jirani kumnyonyesha, umrudishe ameliwa? Bibi yake alipouliza kesho yake mguu umefanyani, mama akasema labda ni panya, usiku, si mnajua nyumba zetu hizi za zamani. Kwa hivyo jirani akaambiwa ana panya, kwa adabu, na akaamini. Miaka yote ile mama alikuwa akiwaona wale paka dirishani wakiota jua, na akinyamaza.

Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. Mamake Pacha ndiye aliyecheka kuliko wote, akampiga mama begani, akamwambia ana deni la samaki la maisha. Nami nyuma ya pazia nilicheka nimejiziba mdomo. Kisha nikaacha. Kazi yangu ni kusahihisha madaftari, na kuna majibu ambayo mkono umeshayapa tiki kabla kichwa hakijayasoma vizuri. Nilirudi kuyasoma. Aliyeumwa alikuwa mapajani kwa mama. Aliyekuwa mapajani kwa mama ni yule aliyeletwa kunyonya. Na mwenye kovu kisiginoni alikuwa Pacha mdogo.

Mamake Pacha naye alikwisha kufika hapo hapo. Nilimsikia akiacha kucheka.

"Alikuwa akinyonya?" akauliza.

"Akinyonya hasa, tena kwa pupa," mama akasema, bado na kicheko mdomoni. Kisha naye akasikia alilolisema.

Hakuna aliyepiga yowe. Mtu mmoja alisema subhanallah, polepole. Kaka alimimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Baada ya muda wageni wakaaga kwa heshima zote, wakaziacha sinia, maana kuzirudisha kungekuwa jibu na kuziacha hakukuwa jibu, na hakuna aliyejua desturi inasemaje. Vile vileja vilikaa mezani mpaka vikaingiwa na sisimizi.

Kukabaki tumaini moja, nalo lilikuwa kwenye idadi. Sheria yataka mara tano. Kama ilikuwa mara moja, au mbili, au hata nne, hatukuwa ndugu, na posa iko pale pale. Basi kukaanza katika nyumba yetu shughuli ya kumsaidia mama kukumbuka. Kaka alimwambia akumbuke vizuri. Shangazi yetu, aliyekuwa akiishi chini yetu na aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu, alipanda kumwambia akumbuke vizuri kabisa, kwa sauti ile ambayo kwetu mtu huitumia akitaka usahau. Alimkumbusha kwamba zamani ni zamani. Alimwambia mwanamke aliyekuwa na mtoto wake mkubwa, maziwa yangetoka wapi ya kushibisha wawili. Hata mamake Pacha, kutoka dirishani, alisema kwa upole kwamba mkwewe marehemu alikuwa mtu wa kutia chumvi, huenda mtoto aliletwa mara chache tu. Niliendelea kuvuka Feri, nikifundisha, nikirudi. Yeye hakuwa tena kwa muuza mihogo. Adabu ilimkataza mpaka ijulikane, na nilimchukia kidogo kwa adabu yake.

Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu, Mkristo wa kutoka bara, rafiki wa kweli, aliniona siko sawa, akaniuliza. Nikamweleza. Akanisikiliza kwa makini. Akauliza kama tumezaliwa na baba mmoja. La. Mama mmoja? La. Nyanya zetu wana uhusiano wowote? Hata. Sasa tatizo liko wapi? Nikamwambia tatizo ni kwamba mamangu ana huruma. Akanisukumia nusu ya chapati yake.

Sheikh alikuja mwenyewe, kwa hisani, mzee mpole aliyekuwa akijipepea kwa kipepeo cha ukili na kuomba maji kila baada ya sentensi mbili. Walikaa sebuleni yeye, kaka, mama, na mamake Pacha. Shangazi alikaa karibu na mlango, hakualikwa na hakuondoka. Mimi na pazia langu tena. Sheikh aliuliza kwanza ni mtoto mmoja au walibadilishana. Mama akasema mmoja. Je, ana hakika? Mama akasema baada ya mtoto kuumwa, kila akiletwa yeye mama alikuwa akilitazama lile jeraha kwa haya, mpaka likakauka, na yule mnyonge hakuwahi kuvuka mlango. Sheikh akanywa maji. Kisha akauliza alimnyonyesha mara ngapi.

Nilimwombea mama aseme uongo. Sijawahi kuomba dua ya namna ile kabla wala baadaye, na niliiomba kwa moyo wote, mikono nimeinua nyuma ya pazia kama hujaji aliyesimama Arafa. Mamangu alikuwa na kipaji. Mwanamke aliyeweza kumtunga panya papo hapo, akamtunza asionekane miaka yote, akawatazama paka usoni, angeshindwa na neno moja dogo? Tatu. Aseme tatu. Nilisikia shangazi akikohoa.

Mama alimmiminia sheikh maji mengine.

"Sheikh," akasema, "sikuhesabu. Mtoto wa mwenzio humhesabii. Nilimnyonyesha mpaka akanenepa mikononi mwangu."

Sheikh akashusha kipepeo. Alisema maneno mazuri, na nayakumbuka yote, na hayakunisaidia hata moja. Pacha mdogo ni mwana wa mama huyu na ni ndugu wa watoto wake. Pacha mkubwa, kwa kuwa hakuna aliyemwona akinyonya, si mwana wa mtu hapa ila wa mamake. Akaomba maji tena.

Yaliyofuata yangechekesha kama yangekuwa ya nyumba nyingine. Kwa maisha yangu yote nilikuwa nimejifunika kwa ndugu yangu na kukaa kichwa wazi mbele ya mwanamume wa nje. Pacha mkubwa, mwenye mke na watoto, alikuwa ameziona nywele zangu kwa namna zote zinazowezekana, na hakuna hata moja iliyokuwa halali. Sheikh alisema kosa la kutojua halina dhambi, jambo lililomliwaza kila mtu isipokuwa mke wa Pacha mkubwa, aliyekaa muda bila kuja kwetu. Na kabla wiki haijaisha, shangazi alipanda ngazi na fikra mpya. Kwa kuwa sasa Pacha mkubwa amekuwa halali, akasema, na ana duka, na wake wanaruhusiwa zaidi ya mmoja, na sinia za posa bado ziko hapa... Kaka alimtoa kwa adabu, amemshika kiwiko.

Pacha mkubwa alikuja Jumapili. Tulimsikia akipanda kwa kishindo chake kile kile, kisha kishindo kikakata. Nilipochungulia nilimkuta amesimama kwenye kidato cha tatu, mkate wa sinia mkononi, mwili wote umejaa ngazi, machozi yanamtiririka. Mwanamume wa matairi. Alimuuliza mama sasa yeye ni nani katika nyumba hii. Mama akashuka, akaupokea mkate, akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake.

"Wewe ni mwanangu," akamwambia. "Ila piga hodi."

Mimi mama nilimkasirikia. Sikumgombeza, kwetu mama hagombezwi, lakini nilimjibu kwa maneno machache kiasi kwamba hata yeye, asiyependa makelele, alianza kuwasha redio. Mwisho wake siku moja tukichambua mchele nilimwambia alilokuwa akilijua tayari, kwamba angesema tatu. Hakuinua macho. Akasema angesema tatu, ningeolewa, ningezaa, na yeye kila akimbeba mjukuu angekijua alichokibeba. Nikamwambia mbona panya alimweza. Akaokota jiwe kwenye mchele, akalitupa dirishani.

"Panya alikuwa baina yangu na jirani," akasema. "Hili si la jirani."

Niliendelea kukasirika kwa muda, bila sababu mpya, kwa sababu ya zamani tu.

Pacha mdogo hakuonekana. Nilisikia amehamia zamu za usiku bandarini, kisha nikasikia kutoka kwa kaka kwamba alisema neno moja tu alipopewa habari, akasema sawa, akaenda kutengeneza taa ya msikiti ambayo haikuwa imeharibika. Dirisha lao lililotazamana na letu likawa linafungwa. Mama akitaka ndimu ilibidi ashuke. Mwezi wa Ramadhani ukaja, tukapelekeana futari kama kawaida, mtoto wa jirani wa tatu ndiye aliyekuwa akibeba, na mwezi ukaisha.

Siku ya Idi, baada ya sala, mama alimtuma kaka akamwambie nduguye kwamba mama wa ziwa anangoja mkono wake, na kwamba kutompa mama mkono siku ya Idi ni dhambi, mengine yote yawe yalivyo. Mama hakuniambia. Nilikuwa nikipanga kaimati kwenye sahani nikasikia hodi, ile sauti ya kuomba radhi, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye msumari.

Alisimama kwenye kidato cha tatu, uso ukutani, kanzu mpya, kanga amekunja chini ya kwapa. Mama akamwambia apande. Hakupanda. Mama akamwambia tena kwamba hii ni nyumba yake tangu hajaota meno. Akapanda, kidato kwa kidato, kama mtu anayepanda ngazi ya watu wengine gizani, akafika juu, akambusu mama mkono, akampa kanga. Mama akamketisha palipokuwa pakikaa Pacha mkubwa. Alitazama huku na huku. Nyumba aliyoitazama kwa nje maisha yake yote, kumbe ndani ni saa ya ukutani, friji na mikeka miwili.

Nilisimama mlangoni na sahani yangu, nimejifunika mpaka kwenye nyusi. Mama akanitazama. Akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kunituma chumvi, kwamba huyu ni nduguyo, na joto hili, na hizo nguo kichwani za nini. Nikaweka sahani. Nilijua anasema ukweli. Nilijua pia kwamba nikiuvua mtandio ule nimelitia sahihi jambo zima kwa mkono wangu, na hakuna kurudi. Nikauvua. Nikautundika kwenye msumari, nikakaa mbele yake, nywele zangu zikiishia pale zinapoishia.

Alinitazama. Kisha akazitazama kaimati, kisha akanitazama tena, na niliona mdomo wake ukitafuta neno ambalo ndugu angelisema.

"Uliniambia zafika kiunoni," akasema.

"Nilijua utaziona ukishanioa," nikamwambia, "usiweze kunirudisha."

Akacheka kidogo. Nami nikacheka, na machozi yakanitoka, sikuyaficha, maana mbele ya ndugu mtu halii kwa siri. Mama aliinuka, akasema maziwa yatafurika jikoni. Akatoka, akatuacha peke yetu chumbani, mara ya kwanza katika maisha yetu, na nyuma yake akaufunga mlango. Hakukuwa na haja tena ya kuuacha wazi.